SOMO LA MWEZI: MWENDO WA WATU WA NYUMA

Mwezi huu tutajifunza habari za mbio, lakini hatutawafuata wale wanaoshinda. Tutawafuata wale wanaotembea nyuma kabisa, ambao watu wengi hawawajui, kwa sababu wanapofika mwisho washindi wamekwisha kuoga, kula na kulala.

Wengi wetu tunajua marathoni, mbio za kilomita 42 na kidogo. Ziko mbio nyingine ndefu kupita hizo, ambazo hufanyika milimani na porini, mchana na usiku. Mojawapo ya zile za zamani zinazojulikana sana inaitwa Western States, katika jimbo la California, nchi ya Marekani. Urefu wake ni maili 100, yaani kilomita 161 hivi. Hiyo ni mbali kuliko Uvira hadi Bukavu, na njia yenyewe si barabara bali ni kijia cha mawe, vumbi, mabonde na mto. Watu huanza Jumamosi saa 11 alfajiri, mwishoni mwa mwezi wa sita, na lango la mwisho hufungwa Jumapili saa 5 asubuhi. Jumla ni saa 30. Anayefika baada ya hapo, hata kwa sekunde moja, hahesabiwi kuwa amemaliza.

Lengo la somo: kuona jinsi mtu asiye na mbio anavyoweza kumaliza safari kama hiyo, ni nini anachohesabu, ni nani wanaomsaidia, na inakuwaje kwa yule anayefungiwa lango. Kisha tujiulize habari za safari zetu wenyewe.

1. SAA 24 ZILIPIMWA KWA FARASI

Kwanza tuangalie historia, kwa maana ina fundisho.

Njia hiyo ni ya siku nyingi. Ilitumiwa na wenyeji wa asili wa nchi ile, na katika karne ya 19 ikatumiwa na wachimbaji wa dhahabu na fedha. Mwaka 1955 mtu mmoja wa mji wa Auburn, Wendell Robie, alianzisha safari ya farasi katika njia hiyo. Mpanda farasi alitakiwa kupita maili 100 ndani ya saa 24. Aliyefaulu alipewa bizimu ya fedha, yaani kile chuma cha kufungia mkanda kiunoni.

Mwaka 1972 kundi la askari 20 wa kambi ya Fort Riley walijaribu kuipita njia ile kwa miguu. Saba kati yao walifika, baada ya zaidi ya saa 40. Angalieni jambo hili: kabla mtu yeyote hajasifiwa kwa kuikimbia njia ile, walikuwepo waliofika kwa mwendo wa askari.

Mwaka 1974 kijana mmoja, Gordy Ainsleigh, ambaye zamani alikuwa akishiriki kwa farasi, aliingia bila farasi. Mwaka uliotangulia farasi wake alichechemea akashindwa kuendelea. Safari hii Gordy alitumia miguu yake mwenyewe kati ya wapanda farasi, akafika kwa saa 23 na dakika 42. Kwa hiyo watu wakasema, kumbe mwanadamu anaweza.

Mwaka 1977 waliingia wanaume 14 kwa miguu. Saa ilikuwa ile ile ya farasi, saa 24. Mmoja tu ndiye aliyefika ndani ya muda. Lakini wawili wengine, Peter Mattei na Ralph Paffenbarger, hawakuacha. Walifika pamoja kwa saa 28 na dakika 36. Paffenbarger alikuwa daktari mtafiti, mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, aliyejulikana kwa kuchunguza jinsi kutembea na mazoezi vinavyolinda moyo wa mtu.

Kwa sheria ya siku ile, hao wawili walikuwa wamechelewa. Wasimamizi wangeweza kusema: sheria ni sheria, rudini nyumbani. Badala yake, kufika kwao kuliwafanya waweke kipimo kingine, cha saa 30, pamoja na zawadi yake. Mwaka uliofuata, 1978, mwanamke wa kwanza alimaliza mbio hizo rasmi. Jina lake Pat Smythe, na muda wake ulikuwa saa 29 na dakika 34.

Ndugu zangu, hesabuni wenyewe. Kama kipimo kingebaki saa 24, Pat Smythe angefungiwa nje. Aliingia kwa mlango uliofunguliwa na watu wawili wa nyuma. Hata leo, anayefika chini ya saa 24 hupewa bizimu ya fedha, na anayefika kati ya saa 24 na 30 hupewa bizimu ya shaba. Kila mwaka wako wanaume na wanawake wengi wenye bizimu ya shaba ambao wasingekuwa nayo kama wale wawili wangeketi njiani kwa kusema, "Tumekwisha chelewa."

2. HESABU YA MTEMBEAJI

Sasa tuone jinsi mtu wa nyuma anavyokwenda. Mwendo wake una hesabu, tena hesabu kali.

Ukigawanya kilomita 161 kwa saa 30, unapata kilomita 5 na mita 370 hivi kila saa. Mtu wa kawaida akitembea mahali tambarare huenda kama kilomita 5 kwa saa. Basi, akitembea hivyo saa 30 zote bila kusimama hata mara moja, atakuwa amefika kilomita 150. Atakosa kilomita 11. Na njia ile si tambarare. Ukijumlisha milima yote, mtu anapanda mita 5,500 hivi, na anashuka karibu mita 7,000. Mlima wa kwanza unaanza pale pale kwenye mstari: karibu mita 780 za kupanda katika kilomita 7 za mwanzo.

Kwa hiyo mtembeaji anajifunza mambo matatu.

(a) Kupanda, anatembea kwa nguvu, hatua fupi, bila kusimama. Hapo haoni aibu, kwa maana hata wale wa mbele hutembea kwenye miinuko mikali. Mlimani tofauti kati ya mkimbiaji na mtembeaji hupungua.

(b) Kushuka na mahali pa sawa, anakimbia kidogo kidogo panapokimbilika. Hakimbii ili ampite mtu. Anaweka akiba ya dakika, kama mama anavyoweka pembeni kikombe kimoja cha unga kila siku ya mgawo, ili mwisho wa mwezi usimkute mikono mitupu.

(c) Mwanzoni anajizuia. Asubuhi ya kwanza miguu ni mipya, hewa ni baridi, na kila mtu anaondoka mbio. Anayewafuata wenye kasi kwa saa mbili za kwanza atalipa deni hilo usiku, na deni la mapaja halikubali kuahirishwa.

Jambo lingine: saa 30 si muda mmoja tu. Vituo vikubwa vya njiani navyo vina saa zake za kufunga. Ukifika umechelewa, unaambiwa kwa upole kwamba safari yako imeishia hapo. Ndiyo maana mtu wa nyuma haweki kilomita 161 kichwani. Akizifikiria zote atavunjika moyo kabla ya jua kuchomoza. Anafikiria kituo kinachofuata tu: ni kilomita ngapi, kinafungwa saa ngapi, nina dakika ngapi mkononi. Akifika, anaanza hesabu mpya.

3. NJIA NI MOJA, USIKU SI MMOJA

Watu husema wa mbele ndio wanaoteseka zaidi kwa sababu wanakimbia. Ni kweli wanaumia. Lakini tulinganishe.

Mwaka 2019 Jim Walmsley alishinda mbio hizo kwa saa 14 na dakika 9. Aliondoka saa 11 alfajiri, akafika kama saa 1 na dakika 9 jioni, jua la kiangazi likiwa bado halijazama. Yaani alipita kilomita 161 za milima bila kuuona usiku porini.

Mtu wa nyuma anapita mawe yale yale, lakini kwa muda karibu mara mbili. Juu milimani miaka mingine kuna theluji, na miguu inalowa tangu asubuhi. Mchana anaingia katika makorongo ambako joto laweza kupita nyuzi 38, na yeye yumo humo saa zile kali za alasiri. Giza linapoingia anawasha taa ya kichwani, na bado ana kilomita nyingi mbele yake. Tumbo linakataa chakula. Malengelenge yanapasuka nyayoni. Kushuka kumemaliza nguvu ya mapaja, hata jiwe dogo linakuwa ngazi. Usingizi unapomzidi anaanza kuona vitu visivyokuwepo: kisiki kinakuwa mtu ameketi, jiwe linakuwa mnyama.

Karibu na kilomita 125 kuna mto. Maji yakiwa kidogo, watu wa kujitolea husimama ndani ya maji na kamba imevutwa toka ng'ambo hadi ng'ambo. Wakimbiaji wanaishika na kuvuka. Maji yakiwa mengi, wanavushwa kwa mashua. Wa mbele huvuka mchana kweupe. Wa nyuma huvuka usiku wa manane au karibu na alfajiri, mwili umechoka na maji ni baridi.

Kisha jua linachomoza mara ya pili. Watembeaji wengi wa safari ndefu wamesema kwamba saa hiyo mwili hupata nguvu ambayo haikutegemewa. Wale wa mbele hawaijui asubuhi hiyo, maana wanakuwa wamelala. Wa nyuma peke yao ndio wanaoona majua mawili katika safari moja.

4. KITI CHA KITUONI

Njiani kuna vituo kama 20. Hapo pana maji, chumvi, viazi, supu, matunda, barafu ya kuweka kofiani, na madaktari. Bila vituo hakuna ambaye angefika. Lakini kituo kina hatari yake, na jina lake ni kiti.

Tufanye hesabu nyingine. Mtu akikaa dakika 5 katika kila kituo, vituo 20 vinakula dakika 100. Kwa mwendo wake ule wa kilomita 5 na mita 370 kwa saa, hizo ni karibu kilomita 9. Kilomita 9, wapendwa, zimepotea mtu akiwa ameketi! Wengi wa wanaofungiwa lango kwa dakika chache, dakika zile walikuwa nazo. Walizitumia kidogo kidogo bila kuona.

Kwa hiyo wenye uzoefu hufanya hivi:

(a) Kabla ya kufika, wanajua wanachotaka. Wanakisema kwa sauti njiani: maji, chumvi, viazi viwili, soksi. Hawafiki na kuanza kushangaa meza.

(b) Wanakula huku wakitembea. Chakula kinabebwa mkononi, na miguu inaendelea.

(c) Kidonda cha mguu wanakitibu mapema. Mahali pakianza kuwasha na kupata moto, wanasimama dakika 3 kufunga. Anayejikaza na kusema "si kitu" atasimama baadaye dakika 30, au hataendelea kabisa. Kusimama kwa namna hii hakupotezi muda.

(d) Hawanywi maji ovyo. Mtu anayetoka jasho siku nzima akinywa maji mengi kupita kiasi, chumvi ya damu yake hupungua mno, naye anaweza kuchanganyikiwa, kuanguka, hata kufa. Wanakunywa kwa kiu, na wanakula chakula chenye chumvi.

Jambo la mwisho kuhusu kiti. Wahudumu wazuri wa vituo wanajua wakati wa kumwambia mtu "pumzika", na wakati wa kumwambia "inuka, ndugu, bado una muda". Maneno yote mawili ni ya upendo. Mwenye kusema neno moja tu siku zote hajawajua wasafiri.

5. HAKUNA AFIKAYE PEKE YAKE

Wakimbiaji wa Western States hawafiki 400 kwa mwaka. Wanaojitolea kuwahudumia ni zaidi ya 1,000. Pia, kuanzia mji wa Foresthill, karibu na kilomita 100, mtu anaruhusiwa kuwa na msindikizaji mmoja wa kwenda naye usiku. Sheria ni kwamba msindikizaji haruhusiwi kumbebea mizigo yake. Anaruhusiwa kuwa naye: kuzungumza, kuangalia njia, kuhesabu saa, kumkumbusha kula. Kila mtu anabeba maji yake, lakini giza wanaligawana.

Hapa tusikie habari ya mwaka 2015. Mama mmoja wa miaka 70, Gunhild Swanson, alikuwa kati ya watu wa mwisho kabisa njiani. Alikuwa amewahi kupotea njia, na dakika zake za akiba zikaisha. Asubuhi ya Jumapili, mjini Auburn, watu walikuwa wamejaa katika uwanja wa shule ambako mbio zinaishia. Saa ile ya mwisho wenyewe wanaiita Saa ya Dhahabu, na watu huja kwa wingi kuwatazama wa mwisho kuliko walivyokuja kwa wengi wa mbele.

Mshindi wa mwaka huo alikuwa Rob Krar. Alikuwa amemaliza tangu Jumamosi jioni, kwa saa chini ya 15. Angeweza kubaki kitandani. Lakini Jumapili asubuhi alikwenda hadi pale njia inapoingia mjini, akamkuta yule mama, akakimbia pamoja naye kilomita mbili hivi za mwisho, miguuni amevaa kandambili. Mama yule aliingia uwanjani, akazunguka, akavuka mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Zilibaki sekunde 6. Akawa mwanamke wa kwanza wa miaka 70 au zaidi kumaliza mbio hizo.

Wengi wanapoisimulia habari hii wanazitaja sekunde 6. Mimi naomba tuzitazame zile kandambili pia. Mshindi hakumpunguzia mama yule hata hatua moja, na sheria haikupindishwa kwa ajili yake. Alichofanya ni kurudi nyuma alikotoka yeye mwenyewe, ili mwenzake asiikimbie sehemu ngumu pasipo mtu.

6. ANAYEFUNGIWA LANGO

Tusijidanganye. Si kila anayejitahidi anafika. Kila mwaka wako wengi wanaotolewa vituoni kwa ugonjwa, kwa majeraha, au kwa saa.

Mwaka 2016 mzee wa miaka 72, Wally Hesseltine, aliingia katika uwanja ule ule wa Auburn dakika za mwisho. Mwili wake ulikuwa umeinama upande kwa uchovu. Watu walipiga kelele wakimwita. Alianguka, akainuka, akaendelea. Saa ikafika 30 akiwa bado uwanjani. Alivuka mstari dakika chache baadaye. Hakupewa bizimu, na jina lake halikuandikwa kati ya waliomaliza mwaka ule.

Je, hiyo ni haki? Wengine watasema wangemwonea huruma. Lakini fikirini. Kama saa ingesogezwa kwa ajili yake, yule aliyefungiwa kituo cha nyuma kwa dakika 2 angeambiwa nini? Na wale wahudumu waliosimama mtoni usiku kucha, wangesimama mpaka lini? Mwisho uliowekwa wazi, unaojulikana na wote kabla ya safari, na unaoshikwa sawasawa kwa mkubwa na mdogo, si adui wa watu wa nyuma. Unawalinda. Adui ni mwisho unaobadilishwa kwa siri, au ule ambao wengine wanaambiwa na wengine hawaambiwi.

Pia katika mbio nyingi za namna hii kuna watu wanaotembea nyuma ya mtu wa mwisho kabisa. Kazi yao ni kuhakikisha hakuna anayeachwa porini. Anayefungiwa lango hukusanywa, hupewa blanketi na chai, hupelekwa kwa watu wake. Amekosa bizimu, lakini hajatupwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, wala tusiyachanganye.

7. SAFARI YAO NA SAFARI YETU

Sasa tuje kwetu. Hapa lazima tuseme ukweli kwa uangalifu.

Watu wa Western States walichagua kutembea. Walijiandikisha, wakalipa, wakafanya mazoezi, na nyumbani pana kitanda kinawangoja. Wengi wetu tulitembea bila kuchagua, na watoto mgongoni, na hapakuwa na kituo wala kamba mtoni. Wako tuliowazika njiani. Kwa hiyo mtu asilichukue somo hili kumwambia mwenzake, "Vumilia tu, hata wenzako wanatembea maili 100." Hayo yangekuwa maneno ya kumdharau aliyeteseka.

Lakini liko jambo moja linalotugusa moja kwa moja. Wengi wetu tulipoteza miaka. Vita ilipokuja, kijana alikuwa darasa la nne. Alipopata tena shule alikuwa na ndevu. Mama alikuwa anajifunza ushonaji, cherehani ikabaki kule. Sasa wako wanaosema, "Muda wangu umepita." Wanaketi. Na wengine wanawasaidia kuketi, kwa kuwacheka: "Mzee mzima unabeba daftari!"

Kwa watu hao, somo hili lina maswali mawili, na kila moja lina wakati wake.

Swali la kwanza: saa inayonifunga, je, ni ya kweli? Ziko saa ambazo hazisogei. Mvua za kupanda hazingoji. Siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani imewekwa. Kwa saa kama hizo, fanya kama mtembeaji: hesabu. Zimebaki wiki ngapi? Natakiwa kujifunza kurasa ngapi kwa siku? Ni kiti gani kinachokula dakika zangu? Usihesabu safari nzima. Hesabu mpaka kituo kinachofuata.

Swali la pili: au ni saa iliyopimwa kwa farasi? Ziko saa nyingi zilizowekwa kwa ajili ya mtu mwingine, mwenye nguvu nyingine, tukazikuta na kuziogopa kana kwamba ziliumbwa pamoja na dunia. Darasa letu la kusoma na kuandika likifanyika saa zile akina mama wanapopanga foleni ya mgawo au ya maji, basi mama akikosa hajashindwa kusoma. Darasa limepimwa kwa mtu asiye na ndoo. Mafunzo ya miezi mitatu yakimfaa kijana asiye na mtoto, mwenye watoto wanne anaweza kuhitaji miezi sita, na mwisho wa yote nguo anayoshona ni ile ile. Sisi wenye kusimamia vikundi tuwe kama wale wasimamizi wa baada ya mwaka 1977. Walipowaona wawili wamefika wamechelewa, waliongeza kipimo, na njia yenyewe hawakuifupisha hata kilomita moja.

Na ninyi vijana wepesi, mliomaliza shule, mnaojua lugha za ofisini na kujaza fomu: mkimaliza, msilale moja kwa moja. Vaeni kandambili, mrudi hadi pale njia inapoingia mjini. Yuko mama mmoja anakuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini wasimamizi waliweka kipimo cha saa 30? Kama wasingefanya hivyo, ni nani wangebaki nje?

2. Katika kikundi chako, taja saa moja ya kweli isiyosogea, na saa moja iliyopimwa kwa farasi. Ya pili inaweza kubadilishwaje, na ni nani wa kuzungumza naye?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumfungia mtu lango na kumwacha porini? Sisi tunawafanyia nini wale ambao muda wao umekwisha kweli?

4. Msindikizaji haruhusiwi kumbebea mwenzake mizigo. Ni msaada gani unaomwinua mtu, na ni upi unaomwondolea safari yake?

5. Kila mmoja amtaje, kimoyomoyo, mtu mmoja aliye nyuma yake njiani. Wiki hii utakwenda wapi kumkuta?